Nesi wa Kiwira na Siku ya Kumtazama Baba Mkwe

Aliyefungia vitumbua gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma asinilaumu. Nitamwambia kwa kifupi, kisha tuendelee.

Tulimwacha Tulinagwe, yule nesi wa zahanati moja kule Kiwira, amesimama mlangoni kwake Ibighi, anamtazama mumewe akimpakia mtoto wao kwenye bodaboda pamoja na begi la nguo. Mtoto anaitwa Gift, yuko darasa la kwanza. Alikuwa anapelekwa Kyimo kwa bibi na babu yake.

Kosa la mama? Mtoto aliumwa homa siku kadhaa ndani ya nyumba ya nesi, na aliyegundua ni mwalimu shuleni. Asubuhi zote hizo Tulinagwe alikuwa anamvalisha sare, anamfunga vifungo, anampa chai, wala hakuona kitu. Nesi jamani! Mtu anayeshinda kutwa akipima homa za watu wa kata nzima!

"Nilimgusa kabisa," aliniambia. "Nilimgusa shingoni wakati namweka kola vizuri. Mkono haukuniambia kitu."

Sitaficha, nilipomsikia nilimkasirikia. Nina watoto na mimi. Lakini yeye ndiye aliyenitafuta, akaniambia andika yote, hata yale ya aibu, basi naandika.

Bodaboda ilipoondoka hakulia. Alirudi ndani akafua sare zake za kazi, akazianika, akalala.

Ganzi hiyo ilikuwa imemwingia siku nyingi. Zamani, alipoanza kazi, mama wa kwanza aliyemzalisha alijifungua salama, na aliyelia kwa furaha alikuwa nesi. Mzazi mwenyewe alibaki kumshangaa. Mtoto yule akapewa jina la Tulinagwe. Siku hizi mtoto akizaliwa anatazama saa, anaandika, ananawa mikono, anaita anayefuata. Furaha hana, chuki hana. Anafanya kama mtu anayekoboa mahindi.

Zahanatini walikuwa watatu. Mmoja akaenda kusoma, nafasi yake haikujazwa, wakabaki yeye na mwenzake Felista. Siku ya mapumziko simu inaita. Likizo anapewa, akifika nyumbani simu inaita.

"Na wewe unaitika?" nikamuuliza.

"Naitika."

"Kwa nini usiizime?"



"Kule hakuna anayeniuliza nina nini," akasema. "Kule mimi ndiye nauliza."

Haya. Sasa tuingie kwenye yenyewe.

Siku chache baada ya mtoto kuondoka, mumewe Lugano alirudi kutoka dukani kwake stendi ya Tukuyu, anakouza mbegu na mbolea, akakaa mbali kidogo na mkewe.

"Mama Gift, mzee amesema Jumamosi twende Kyimo."

"Kuna nini?"

"Anataka umsalimie."

Tulinagwe aliacha kumenya ndizi. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, kitu kilimshtua.

Nanyi mnaosoma mkiwa Tanga au Mwanza msishangae mtu kushtushwa na salamu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto wako hakutazami usoni, nawe humtazami. Mzee akija kwa njia hii, mkwe anaingia migombani mpaka apite. Jina lake halitamki. Ndiyo heshima yenyewe. Wengi wameshaiacha siku hizi, hasa wa mjini, lakini mzee Ambindwile, baba yake Lugano, hakuiacha. Siku ya harusi ya Tulinagwe alikaa upande wa pili wa kanisa. Miaka yote ya ndoa, mkwe akienda Kyimo alikaa jikoni, mzee akakaa sebuleni, na kati yao kulikuwa na ukuta na sauti ya mzee akiomba moto wa kiko.

Sasa mzee amezeeka. Katika ukoo wao, baba mkwe akijiona umri umekwenda, anaweza kuifungua heshima hiyo. Watu wa nyumbani wanakusanyika, mzee anamzawadia mkwe kitenge, mkwe anamtengea chakula kwa mikono yake, wanatazamana, wanasalimiana. Tangu hapo anakuwa binti yake kabisa.

"Na Gift je?" Tulinagwe akauliza.

"Ndiyo hiyo sasa," Lugano akasema. "Mtoto yuko nyumbani kwa mzee, mzee ndiye atakayesema. Uje mapema, simu uizime, ukae mpaka mwisho. Ukifanya hivyo namwomba mzee, jioni tunarudi na mtoto wetu. Ukiitwa Kiwira ukaondoka, mimi sina tena la kusema pale kwetu. Dada Tusekile atanimaliza."

"Nitakuja."

"Umesema hivyo mara ngapi?"

"Nitakuja, baba Gift."

Alhamisi ilikuwa siku ya gulio Kiwira, na siku ya gulio zahanati hufurika. Wanaoleta ndizi na viazi sokoni wanaleta na vifua vyao. Felista alikuwa chumba cha sindano. Tulinagwe alikuwa peke yake chumba cha kuona wagonjwa, sweta juu ya sare, barakoa usoni. Nje mvua haina mpango wa kukatika.

Alishazoea kuita watu kwa namba. Majina yalimchelewesha, na jina likitajwa mtu anaanza kukueleza habari za kwao.

"Inayofuata!"

Akaingia mzee mmoja na koti la mvua, kofia ya sufu imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Unaumwa nini?"

Mzee akajaribu kusema, ikatoka hewa tu. Sauti ilikuwa imekauka yote.

"Sema kwa nguvu, mzee, hapa si kanisani."

Mzee akagonga kifua kwa ngumi.

"Tangu lini?"

Akanyoosha vidole. Tulinagwe akaandika. Akamshika mkono apime mapigo, akaona alama ya kuungua moto juu ya kifundo, kovu pana kama jani la mhogo. Akamgeuza, akamwinua shati, akasikiliza mgongo. Mapafu yalikuwa yanakwaruza.

"Kifua kimeshambuliwa. Usivute hicho kiko chako, nakisikia hapa. Dawa utachukua dirishani. Meza zote, usiache ukipata nafuu. Umekuja na nani?"

Mzee akatikisa kichwa. Peke yake.

"Umri huu, mvua hii, peke yako? Hawa watoto wenu wanafanya nini huko nyumbani?"

Mzee aliinama kidogo, kama anayetaka kuchungulia chini ya barakoa, akasema kwa sauti ya upepo, "Mwanangu, umekula?"

"Mzee, watu wako nje wananyeshewa. Inayofuata!"

Ndivyo ilivyokuwa. Tulinagwe hakulikumbuka hilo hata dakika tano. Baada ya yule mzee waliingia wengine mpaka zahanati ikafungwa, na usiku akalala kama gogo.

Jumamosi aliamka kabla ya mumewe. Alishamkabidhi Felista kila kitu tangu jana yake, na Felista akamwapia kwa jina la marehemu mama yake kwamba hata anguke mtu mlangoni hatapiga simu. Tulinagwe akaizima simu mbele ya Lugano, akaitumbukiza chini kabisa ya mkoba.

"Umeiona?"

"Nimeiona," Lugano akasema, na kwa mara ya kwanza siku nyingi akatabasamu.

Kyimo walifika jua linachomoza juu ya migomba. Gift alikuja mbio, akasimama kabla hajamfikia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi. Mtoto hakurukia shingo, na mama hakunyoosha mikono. Wakasimama wakitazamana kama wageni waliokutana kwenye kituo cha basi. Mimi niliposikia hivyo niliweka kalamu chini kwanza.

Wifi Tusekile alikuwa jikoni tangu alfajiri. Huyo ni dada mkubwa wa Lugano, mdomo wake hauna breki.

"Eeeh! Leo hukuitwa, mama Gift? Kiwira wamepona wote?"

"Wifi, mugonile," Tulinagwe akasalimia.

"Tumeamka. Tumeamka na mwanao."

Tulinagwe akavua viatu, akaingia jikoni, akamenya ndizi, akazipika mbalaga kwa maharage na maziwa kama alivyofundishwa na mama mkwe. Alijikaza kisabuni. Kila alichoambiwa alifanya, tena vizuri, maana mikono yake haikuwahi kuwa na tatizo. Mama mkwe, mwanamke mpole asiyependa maneno, alimnong'oneza, "Leo utaondoka na mtoto, mwanangu. Nimeshamwomba mzee."

Watu wakakaa sebuleni. Mzee Ambindwile kwenye kiti chake, wajomba wawili, mama mkwe na Gift mapajani, Tusekile karibu na mlango. Lugano akaingia kumwita mkewe.

Tulinagwe akaingia amebeba sahani, macho chini, akapiga magoti. Mama mkwe akamfunika kitenge kipya kichwani, zawadi ya mzee. Akainyoosha sahani. Mikono ya mzee ikaja kuipokea.

Juu ya kifundo kulikuwa na kovu pana kama jani la mhogo.

Sahani ilitaka kumponyoka. Mzee akaidaka.

"Nitazame sasa," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi.

Tulinagwe akainua macho. Akaiona sura ya baba mkwe wake, na sura hiyo haikumwambia lolote. Ndevu nyeupe, macho mekundu kidogo pembeni. Angekutana nayo barabarani angeipita. Lakini mkono aliufahamu. Na mgongo ule, kama ungegeuzwa, angeufahamu pia.

"Mugonile, tata," akasema, yaani umeamkaje, baba.

"Nimeamka, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana kwa chakula." Mzee akaiweka sahani pembeni bila kuonja. "Kabla sijala, nina neno."

Wajomba wakajiweka sawa. Tusekile akaacha kutafuna.

"Alhamisi nilikwenda Kiwira," mzee akasema. "Kifua kilikuwa kinanisumbua kweli, hilo silo la uongo. Ningeweza kwenda Tukuyu. Nilikwenda Kiwira kwa makusudi."

"Kiwira wapi, tata?" Lugano akauliza.

"Kwa mkeo. Nilikaa kwenye benchi na wenzangu, nikaitwa kwa namba, nikaingia. Akanishika mkono. Akaniinua shati."

"Yesu wangu!" Mama mkwe akaziba mdomo. "Baba Lugano, kabla ya siku ya leo?"

"Kabla ya siku ya leo. Nimevunja mwenyewe nilichokilinda miaka yote. Kila siku katika nyumba hii nasikia kazi, kazi, kazi imemchukua mama Gift. Nikasema ngoja niione kazi yenyewe, nijue nani ananinyang'anya mke wa mwanangu."

Tusekile akapiga makofi mara moja. "Na alikufokea? Sema tu, tata, alikufokea!"

"Nyamaza wewe. Alinitibu vizuri. Mnanisikia ninavyoongea." Mzee akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, unakumbuka mzee aliyekuja na koti la mvua?"

"Nakumbuka."

"Alikuwa na sura gani?"

Tulinagwe alifikiri. Alitafuta kweli, aliniambia, alitafuta mpaka akasikia jasho. Alikumbuka kovu, alikumbuka sauti ya mapafu, alikumbuka harufu ya kiko.

"Sijui, tata."

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama nimekula."

"Ulikuwa umekula?"

"Hapana."

"Siku hiyo yote?"

"Sikumbuki, tata. Nadhani sikula."

Hata Tusekile, nasema hata Tusekile, alitazama chini.

"Mimi nilikwenda na hasira," mzee akasema. "Nilitaka nikukute unacheka na wenzako, nije niseme hapa mbele ya watu kwamba mwanamke huyu anaikimbia nyumba yake. Sikukuta hivyo. Nilikuta mtu anaumwa kuliko mimi, amevaa sare. Kazi uliipenda, Lugano aliniambia. Alisema zamani ulikuwa unarudi nyumbani unaimba. Sasa unaimba?"

"Hapana, tata."

"Na hapa nyumbani je, unaimba?"

"Hapana."

"Basi si kazi tu. Ukiiacha kesho utakuja kukaa Ibighi vilevile, kama kiti." Mzee akakohoa, akapumzika. "Kuanzia leo wewe ni binti yangu. Nimekutazama, umenitazama. Nikiwa baba yako nitasema kama baba. Mtoto abaki hapa."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kila mtu alitarajia Lugano akubaliane na baba yake, maana yeye ndiye aliyemleta mtoto, yeye ndiye aliyeweka masharti. Lugano akatoka kwenye kiti, akapiga magoti kando ya mkewe.

"Tata, hapana. Nakuomba. Amekuja, simu ameizima, amepika, amefanya kila nilichomwambia. Mimi nilimwahidi."

"Uliahidi kisicho chako."

"Mimi ndiye niliyekosea! Nilimchukua mtoto nikidhani nitamwamsha. Nimemwumiza tu. Mrudishie mwanae, tata. Kama ni kupumzika apumzike akiwa na mwanae, nitafunga duka nikae naye, nitapika, nitafua, nitamtafutia hata uhamisho. Lakini usimwache arudi Ibighi peke yake. Mtazame anavyolia!"

Wote wakamtazama. Tulinagwe alikuwa ameinama kabisa, kitenge kimemfunika mpaka kidevuni, mabega yanatikisika. Mama mkwe akaanza kulia naye. Mjomba mmoja akafuta macho kwa ukosi wa shati, na Tusekile akasogea akamwekea wifi yake mkono mgongoni, akasema, "Pole, mama Gift. Pole jamani, nilikuwa natania tu."

Sasa hapa, msomaji, Tulinagwe aliniomba ninukuu maneno yake yalivyo, nisiyapake sukari.

"Mzee aliposema mtoto abaki, nilihisi nafuu. Nimekuwa mtu nisiyehisi kitu, nilimkosa mwanangu sikuhisi, nilimwona uwanjani sikuhisi, halafu neno lile likaniingia mwilini kama maji ya moto baada ya baridi. Kesho hakuna atakayenisubiri. Hakuna wa kumkosea. Nikaona naweza kuvuta pumzi mpaka chini. Nilijua ni vibaya. Nilijua kabisa, na niling'ata midomo nikashindwa kuizuia."

Nilimuuliza kama Lugano alikuwa bado anaongea wakati huo. Akasema ndiyo, alikuwa anamsihi baba yake, ameshika miguu yake, anaapa kwamba hajawahi kuona mwanamke anayempenda mtoto wake kama huyu.

Watu wazima walikuwa kwenye viti, na waliopiga magoti walikuwa wametazama mbele. Hakuna aliyeweza kuona ndani ya kitenge kile. Lakini Gift alikuwa ameteleza kutoka mapajani mwa bibi yake, amekaa sakafuni, miguu imenyooshwa, uso wake ukiwa chini kuliko wa mama yake. Yeye aliona vizuri.

"Bibi," akasema.

"Nyamaza, mjukuu wangu, watu wazima wanaongea."

"Bibi, lakini mama halii," Gift akasema. "Mama anacheka."

Lugano akaiachia miguu ya baba yake. Akageuka taratibu, magoti yangali sakafuni, akanyoosha mkono, akalishika pindo la kitenge.